Sweta ya maruni iliyofika nyekundu: uchambuzi wa kisa cha skripti ya kubadilisha picha na rangi

Majina ya watu, duka na shule nimeyatoa, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili mtu asitambulike. Skripti yenyewe (yale maagizo ya JavaScript yanayobadilisha picha na rangi kwa ukurasa) sijaigeuza, kwa sababu ndio tunataka kuiangalia.

Mambo yalivyokuwa kabla

Duka liko Kisumu, upande wa Kibuye. Mwenyewe ni mama anayefuma sweta za shule kwa mashine, zile za shingo ya V zenye mistari kiunoni na kwa mikono. Sasa sweta ya shule si nguo ya kuchagua vile roho inapenda, ukikosea rangi mwalimu wa zamu anamrudisha mtoto getini na wewe mzazi unaanza upya na pesa ishaisha. Kwa hivyo hii biashara rangi ndio biashara yenyewe, weka hiyo akilini hadi mwisho.

Wateja wake wengi hawako mjini. Wako Siaya, Bondo, Luanda, Mbale, hata Kakamega, wanatuma pesa kwa M-Pesa na sweta inapanda matatu kama parseli. Kitambo alikuwa anauza kwa WhatsApp peke yake, mzazi anauliza "uko na maruni?" anatumiwa picha, anauliza "na kijani?" anatumiwa nyingine, na Desemba ikielekea Januari simu haishikiki. Ndio akatafuta kijana amtengenezee websaiti ya ukurasa mmoja, mzazi ajionee rangi zote mwenyewe, achague, abonyeze oda, meseji ifike WhatsApp ya duka ikiwa imeandikwa tayari.

Kijana ni wa kujifunza mwenyewe, anaokota masomo kwa intaneti, mengine mapya mengine ya zamani sana. Alichotengeneza kilikuwa hivi: picha kubwa moja ya sweta, chini yake viboksi vitano vya rangi (nevi bluu, maruni, nyekundu, kijani, kijivu), ukipitisha mausi juu ya kiboksi picha inabadilika na ukurasa mzima kwa nyuma unageuka rangi ya hiyo sweta, ukitoa mausi kila kitu kinarudi nevi bluu. Kwa laptopu yake ilikuwa safi, mama alionyeshwa akafurahi, akalipa.

Hiyo mbinu ya picha kubadilika mausi ikipita ina umri. Ilianza kuwezekana na Netscape Navigator 3 mwaka wa 1996, wakati skripti iliruhusiwa kubadilisha picha ambayo tayari iko kwa ukurasa, na enzi hizo hakuna mtu alikuwa anafungua websaiti kwa kidole. Masomo ya wakati huo bado yanazunguka na yanafundisha onmouseover (amri ya "mausi ikifika hapa fanya hivi") kama vile kila mtu ako na mausi.

Ilivyotokea, hatua kwa hatua

Wiki ya kwanza malalamiko yalikuwa ya aina moja: "picha inarudi." Mzazi anagusa maruni, maruni inakuja, akigusa mahali pengine popote inarudi nevi bluu. Simu haina mausi lakini brauza ya simu inajaribu kuigiza, ukigusa kitu inasema "mausi imefika hapa", ukigusa kingine inasema "mausi imetoka pale". Kwa hivyo onmouseout ya kijana (amri ya mausi ikitoka) ilikuwa inaamka wakati mzazi anagusa kitufe cha oda, yaani wakati ule mbaya kabisa.

Kijana akabadilisha, akaweka onclick (amri ya kitu kikibonyezwa), na hapo alikuwa sawa. Akapandisha faili upya kwa seva na shida mpya zikaingia na mlango huohuo.

Ya kwanza, kijivu ikakataa kuonekana. Kwa laptopu inaonekana, kwa websaiti hakuna, kunabaki kapicha kaliyovunjika. Faili ilikuwa inaitwa Kijivu.JPG na skripti inaita kijivu.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, seva nyingi ni za Linux na zinajali, kwake hizo ni faili mbili tofauti. Hii alijigundulia, dakika chache tu.

Ya pili ni kitufe cha mistari. Kulikuwa na kitufe cha kugeuza mistari ya sweta kutoka nyeupe kwenda njano na kurudi, na wazazi wakasema lazima ubonyeze mara mbili ndio ishike. Skripti ilikuwa inauliza hivi:

    if (mstari.style.backgroundColor == "white") {
      mstari.style.backgroundColor = "yellow";
    } else {
      mstari.style.backgroundColor = "white";
    }

Ukisoma haraka haina makosa. Lakini ule weupe wa kwanza uliwekwa kwa faili ya CSS (ile ya kupangia sura na rangi za ukurasa), si kwa kitu chenyewe, na style inajua tu kile kimeandikwa moja kwa moja kwa kile kitu. Kwa hivyo mara ya kwanza skripti ikiuliza "wewe ni rangi gani?" inajibiwa na nafasi tupu, inaenda kwa else, inapaka nyeupe juu ya nyeupe, mzazi anaona kitufe kimekufa. Kijana alifikiri shida ni jina la rangi, akageuza njano ikawa #ffd700 halafu akawa anailinganisha na #ffd700, ikawa mbaya zaidi, maana ukiandika #ffd700 brauza inakurudishia rgb(255, 215, 0). Rangi ni ileile, maandishi ni mengine, na skripti inalinganisha maandishi.

Ya tatu ndio ilileta vita. Kijana alitaka meseji ya oda itaje rangi, kwa hivyo mtu akibonyeza oda skripti inaenda kuangalia picha gani iko mbele saa hiyo. Alianza na if (picha.src == "picha/maruni.jpg") na haikuwahi kuwa kweli hata siku moja, kwa sababu picha.src inakupa anwani nzima kuanzia https mpaka mwisho, si kile kipande uliandika. Akazunguka hiyo kwa kutafuta neno "maruni" ndani ya anwani, ikafanya kazi, akaendelea na mambo mengine.

Kitu kingine, picha zilikuwa zimetoka kwa simu moja kwa moja, karibu MB 3 kila moja. MB 3 ni megabiti 24 (baiti moja ni biti nane), na kama mzazi ako mahali intaneti inapita kwa megabiti 1 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 24 kwa sweta moja. Ili ukurasa usikae na picha nusunusu, kijana akaweka ile mbinu ya kuvuta picha pembeni kwanza, ikimaliza kufika ndio inawekwa mbele.

Sasa unganisha hizo mbili, oda kusoma picha iliyo mbele na picha kuvutwa pembeni. Mzazi mmoja wa upande wa Siaya anafungua ukurasa, anaangalia maruni, anaipenda, maruni sasa imeshahifadhiwa kwa simu yake. Anagusa nyekundu kuona tu tofauti. Nyekundu inaanza kuvutwa polepole. Anachoka kungoja, anagusa maruni tena, na kwa vile iko kwa simu inakuja papo hapo. Anaona maruni, anatosheka, anaanza kujaza saizi na jina la mtoto. Hapo ndipo ile nyekundu ya nyuma inamaliza kufika na kujiweka mbele bila kuulizwa. Anabonyeza oda. Skripti inaangalia picha iliyo mbele, inaandika "sweta mbili, nyekundu". Mzazi anaona meseji ndefu imejaa tayari, haisomi, anatuma.

Sweta mbili nyekundu zikafumwa, zikapanda matatu, zikafika wiki ya kufungua shule. Shule ya mtoto ni maruni.

Simu zilizofuata hazikuwa nzuri. Mzazi anasema "mama, mimi nilibonyeza maruni kwa mkono wangu", mama anamwambia "dada, meseji yako niko nayo hapa, imesema nyekundu." Wote wawili walikuwa wanasema ukweli, na hicho ndicho kilifanya ichukue muda kueleweka, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta mwongo. Mama akampigia kijana: "Sasa nyathina (mtoto wangu), huyu mtoto ataenda shule na nini?" Kijana akajaribu kwake mara nyingi sana, kila mara maruni inatoka maruni. Kwake kuna waifai ya kasi, nyekundu haichelewi, kwa hivyo hitilafu haijitokezi.

Ndio nikaitwa. Kitu cha kwanza niliomba ni tuache kujaribu na intaneti nzuri. Chrome iko na sehemu ya watengenezaji ambapo unailazimisha mtandao uwe wa pole, nikaiweka chini kabisa, nikagusa maruni nikangoja, nikagusa nyekundu, nikagusa maruni, nikakaa. Ikajigeuza mbele yetu. Kijana alisema "omera!" (ndugu yangu!) na hakuna cha kuongeza hapo.

Maamuzi na sababu zake

Kungekuwa na njia fupi, kuzuia picha iliyochelewa na kufunga laptopu. Lakini ukiangalia kitufe cha mistari, anwani ya picha na hii ya nyekundu, ni ugonjwa mmoja: skripti ilikuwa inauliza ukurasa "saa hii uko rangi gani?" na kuamini jibu. Ukurasa si daftari la duka. Ni kitu cha kuonyesha tu, na kinabadilika kwa sababu zingine ambazo skripti haizijui, kama mtandao, CSS, au vile brauza inapenda kuandika rangi. Kwa hivyo uamuzi mkubwa ulikuwa huu: chaguo la mzazi likae mahali pamoja ndani ya skripti, na picha, jina la rangi, mistari na meseji ya oda vyote visome kutoka pale. Kusoma rangi kutoka kwa ukurasa ikapigwa marufuku kabisa.

    let chaguo = "nevi";

    function chagua(rangi) {
      chaguo = rangi;
      jina.textContent = sweta[rangi].jina;
      picha.classList.add("inangoja");
      const mpya = new Image();
      mpya.onload = function () {
        if (rangi !== chaguo) return;
        picha.src = mpya.src;
        picha.alt = "Sweta ya shule, " + sweta[rangi].jina;
        picha.classList.remove("inangoja");
      };
      mpya.src = sweta[rangi].faili;
    }

Mstari unaookoa ni ule wa if (rangi !== chaguo) return. Picha ikifika inaulizwa kama bado inatakikana, kama mtu ameshahama inanyamaza. Lile darasa la "inangoja" linaififisha picha ya zamani hadi mpya ifike, kwa sababu kama jina linasema maruni na picha bado ni nyekundu iliyokolea vizuri, mzazi atachanganyikiwa hata kama oda iko sawa. Na meseji inatumia chaguo moja kwa moja, ikipitishwa kwa encodeURIComponent (inayogeuza alama maalum zisivuruge kiungo) kabla ya kuingia kwa kiungo cha wa.me (kile kinachofungua WhatsApp), bila hiyo alama kama & ndani ya jina la shule inaikata meseji katikati.

Picha tukazipunguza hadi pikseli 800 kwa upana, zikashuka hadi karibu KB 80 kila moja. Hapa tulibishana kidogo na kijana. Yeye alitaka zote tano zivutwe mapema ukurasa ukifunguka ili kubadilisha kuwe papo hapo. Hoja yangu ilikuwa hiyo ni KB 400 za bando la mtu ambaye pengine amekuja kuangalia nevi bluu peke yake na kutoka. Tukakubaliana picha zingine zianze kuvutwa mtu akigusa rangi ya kwanza, maana hapo ameonyesha anataka kuzunguka.

Mama alikuwa ameuliza swali zuri: mbona tusipige picha moja tu halafu skripti iipake rangi? CSS iko na kichujio cha hue-rotate kinachozungusha rangi za picha. Tulikijaribu tukakikataa. Sweta ya kijivu haizunguki kwenda popote, kwa sababu kijivu haina rangi ya kuzungushwa, na ukianza na nyekundu kutafuta maruni unapata rangi za ajabu ambazo hakuna uzi unaofanana nazo dukani. Kwa kitu cha mapambo ingekubalika. Kwa mzazi anayelinganisha na sweta ya jirani, hapana, picha iwe ya uzi wenyewe.

Mistari ndio tuliichora. Rangi tano za sweta mara rangi sita za mistari ni picha 30, nani atapiga, nani atavuta? Kwa hivyo tukaweka mchoro mdogo wa SVG (mchoro unaoandikwa kwa maagizo, si picha ya kamera) wa sweta pembeni ya picha kubwa, mistari yake inasoma rangi kutoka kwa kigeu cha CSS (jina linaloshika rangi), na skripti inabadilisha kigeu kwa setProperty("--mstari", ...). Hakuna faili inavutwa, inageuka hata data ikiwa imezimwa.

Ukurasa mzima kugeuka rangi tukauondoa. Mama hakufurahia, aliupenda sana, lakini maandishi yalikuwa meupe na alikuwa amepanga kuongeza sweta ya njano. Kiwango cha WCAG (miongozo ya kimataifa ya kufanya websaiti isomeke na kila mtu) kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na nyuma yake angalau 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya njano kali #ffff00 ni kama 1.07 kwa 1, yaani hakuna maandishi hapo, na huyo mzazi ako stejini Luanda saa saba jua limesimama. Nyeusi juu ya njano hiyohiyo inapita 19. Tukaacha rangi ibaki kwa utepe mwembamba juu ya picha, na maandishi ya utepe yanachaguliwa kuwa meusi au meupe na skripti kulingana na mwangaza wa rangi.

Mwisho, viboksi vikawa vitufe vya kweli vyenye majina. Maruni na nyekundu, nevi bluu na nyeusi, kwa simu yenye kioo kimepasuka hivyo vitu ni ndugu mapacha. Jina limeandikwa, hakuna kukisia.

Kijana alikuwa amependekeza tuandike upya kila kitu kwa React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), amesikia inashughulikia hii mambo ya chaguo kukaa mahali pamoja. Ni kweli inasukuma mtu kwa hiyo njia, lakini kwa ukurasa mmoja wa vitufe vitano tungembebesha mzazi mzigo wa maktaba nzima kwa kazi ya mistari kumi na kitu. Tukabaki na JavaScript ya kawaida.

Matokeo

Zile sweta mbili mama alifuma upya kwa gharama yake, zikafika, na kijana akalipa nusu ya uzi bila kuambiwa na mtu. Nyekundu zilibaki dukani.

Tangu mabadiliko, hakuna oda imefika na rangi tofauti na ile mzazi alibonyeza. Simu za "mko na rangi gani?" zimepungua ila hazijaisha, na mama anasema wengi wanapiga tu kusikia kama kuna mtu kweli. Baadaye aliongeza kitu chake mwenyewe: kabla ya kuanza kufuma anatuma picha ya uzi kwa mzazi, "ni hii?", anangoja jibu. Hiyo imesaidia kuliko vile nilitarajia.

Kilichofanya kazi na kilichogoma

Chaguo kukaa mahali pamoja ndio ilimaliza shida tatu kwa mpigo, na tukiongeza rangi mpya sasa ni mstari mmoja kwa orodha na faili moja kwa folda. Kujaribu kwa mtandao wa pole pia, na hii ningeiweka hata mbele ya skripti nzuri, kwa sababu kijana hakuwa mzembe, alijaribu sana, alijaribu tu mahali ambapo hitilafu haiwezi kuonekana. Ukitengeneza kitu cha watu wa Bondo na ukakijaribu na waifai ya Milimani, mtaa wa wenye nazo mjini, bado hujakijaribu.

Mchoro wa mistari ulifaulu nusu. Unafanya kazi, ni mwepesi, lakini wazazi wanaona ni katuni. Kuna aliyeuliza kama hiyo sweta ndogo ni ya watoto wa nasari. Tumeongeza maneno "mfano wa mistari" chini yake na bado maswali yanakuja.

Picha nazo zilikuwa na shida ambayo skripti haiwezi kugusa. Za kwanza zilipigwa usiku chini ya tyubu ya duka na nevi bluu ilitoka nyeusi kabisa. Zimepigwa upya nje, asubuhi, kivulini, zote mahali pamoja. Hata hivyo vioo vya simu havifanani, maruni ileile kwa simu moja inaelekea kahawia na kwa nyingine inaelekea zambarau, kwa hivyo picha ya uzi ya mama bado inahitajika, na hata hiyo inapita kwa kioo kilekile.

Na kuna wazazi wanaotumia brauza za kubana data, zile ambazo ukurasa unapitia kwa seva ya kati kwanza ndio unafika kwa simu. Huko skripti zinafanya kazi nusu au hazifanyi. Kwa hao tumefanya kila rangi iwe pia kiungo cha kawaida cha kufungua picha, na skripti ikiwa hai inazuia kiungo kwa preventDefault na kubadilisha picha palepale. Wanaona rangi zote, lakini meseji yao ya oda inakuja bila rangi, mama anauliza mwenyewe. Kijana anataka ukurasa wa oda wa fomu ya kawaida isiyohitaji skripti yoyote. Mama amesema angoje msimu wa Januari upite, saa hii mashine iko busy na mistari ya njano.